Maharage Nyuma ya Utepe

Katika nchi moja ambayo hatutaitaja, kwa sababu wenyewe wametunga sheria ya kutotajwa bila kibali, Rais alisafiri kwenda ng'ambo akatembezwa chuo kikuu. Huko aliwaona vijana wamekalia mipira mikubwa badala ya viti, wanaandika ukutani na hakuna anayewagombeza, na mkuu wao amevaa raba. Akauliza, hawa wanafanya nini? Akaambiwa wanabuni. Rais alirudi nyumbani hana raha. Alikuwa na uwanja wa ndege, alikuwa na barabara ya kwenda huo uwanja, alikuwa na sanamu yake yenye taa za rangi, lakini watu wanaobuni hakuwa nao. Ndipo akatoa agizo kwamba chuo kikuu cha taifa kianze kubuni kabla ya mwezi kwisha.

Agizo likateremka. Sasa katika nchi ile agizo halikondi njiani, hunenepa. Lilitoka Ikulu likiwa "chuo kibuni". Wizarani likawa "chuo kibuni kwa kasi". Lilipofika kwenye geti la chuo lilikuwa limenona kiasi cha kusema kwamba muundo wote wa uongozi uvunjwe, ujengwe upya, na uzinduliwe.

Profesa Danstan Rwegasha, Makamu Mkuu wa Chuo, aliwakusanya wahadhiri ukumbini ili awasomee. Alivaa suti yake ya siku zote za mahafali, na chini raba nyeupe mpya zilizokuwa zikimbana vidole.

"Itifaki imezingatiwa," alianza, ingawa mkubwa kuliko wote mle ukumbini alikuwa yeye mwenyewe. "Ndugu zangu, kuanzia leo hakuna seneti. Hakuna vitivo. Hakuna idara. Hayo ni mambo ya kizamani, yanabana mawazo. Mtaalamu mwelekezi ametushauri tuishi kama nyuki. Kwa hiyo vitivo vitaitwa mizinga, na ninyi ni nyuki. Nami si Makamu Mkuu tena. Ni Kaimu Mwongoza Kasi Mkuu."

"Unamkaimu nani, Profesa?" mtu mmoja aliuliza kutoka katikati.

"Ninajikaimu mimi mwenyewe," alijibu Profesa, "mpaka nitakapozinduliwa."

Hakuna aliyecheka. Msomaji wa nchi nyingine anaweza kushangaa, basi tumweleze. Kule kitu hakianzi kwa kutengenezwa, huanza kwa kuzinduliwa, na anayezindua ni mgeni rasmi. Palikuwa na daraja zuri la zege ambalo watu walipita chini yake, maji yakiwafika kiunoni, wakisubiri mgeni rasmi apate nafasi ya kuja kulikatia utepe. Palikuwa na kisima kilichofunikwa turubai, na kina mama wakilizunguka lile turubai na ndoo kichwani kwenda mtoni. Hakuna aliyelazimishwa. Walikuwa wamezoea tu, na aliyepita juu ya daraja kabla ya wakati wake alionekana mtu asiye na adabu.

Safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa Dokta Mboni Shekidele, mguu wake wa kulia ukitikisika. Mguu huo ulikuwa na tabia ya kutikisika wenyewe kila mtu alipozungumza kwa muda mrefu bila kusema kitu, na kwa hiyo ulikuwa haupumziki. Mboni alikuwa mhadhiri wa mazao. Alitokea nyanda kame, kule ambako maharage hutoa maua mazuri ajabu, halafu mvua inakata, na maua yanadondoka yote kabla ya kushika punje. Mama yake alipanda kila mwaka na kila mwaka alivuna majani. Mboni alisoma kwa sababu hiyo moja. Msimu baada ya msimu alikuwa akichanganya mbegu, kuchagua, kutupa, na kuchanganya tena, akitafuta harage litakaloshika punje hata mvua ikikata. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, alikuwa na mimea iliyompa matumaini. Ilikuwa kwenye banda la nailoni nyuma ya maegesho, kile wenye fani wanachokiita kitalu nyumba. Siku hiyo ya mkutano ilikuwa imeanza kutoa maua.

Maharage hayo aliyapunguzia maji kidogo kidogo, kwa kipimo, kama mtu anayemwachisha mtoto ziwa. Yakikosa kabisa yangekufa, na mbegu nyingine ya mchanganyiko ule hakuwa nayo.

*

Asubuhi iliyofuata alikuja na ndoo yake, akakuta kitalu kimezungushiwa utepe.

Si mlangoni tu. Utepe mwekundu, mpana wa kiganja, ulianzia mlangoni, ukaambaa ukuta, ukazunguka banda zima ukarudi pale ulipoanzia, na hapo ukafungwa ua kubwa lenye masikio. Juu ya mlango palikuwa na bango: KITOVU CHA TAIFA CHA UBUNIFU. Ilielezwa baadaye kwamba kamati ilikuwa imezunguka chuo kizima ikitafuta mahali pa kuweka Kitovu, na kitalu kilishinda kwa sababu kilikuwa karibu na maegesho, hivyo mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri, hatakanyaga tope.

Mbele ya ua alisimama Mzee Hemedi Chamkata, mlinzi.

"Shikamoo, Mzee Hemedi. Hii nini tena?"

"Marahaba, Dokta. Ndio hivyo. Kitovu."

"Kitovu cha nani? Mle mna maharage yangu."

"Najua. Jana yalikuwemo." Mzee Hemedi aliitazama ndoo, akaitazama nailoni, akakohoa. "Ila nimeambiwa kitalu kimevunjwa pamoja na idara yake. Na Kitovu nacho hakijazinduliwa. Kwa hiyo kwa maelezo niliyopewa, hapa kwa sasa hakuna kitu."

"Hakuna kitu? Si unayaona hayo, mzee wangu?"

"Kwa macho nayaona, mwanangu. Kikazi siyaoni."

Mboni aliiweka ndoo chini. Kupitia nailoni aliiona mimea yake, mistari kwa mistari, na maua yake meupe yametulia hayana habari. Akaondoka mbiombio, akarudi, akaichukua ndoo, akaiweka tena, akaondoka.

*

Ofisi ya kwanza aliyoingia ilikuwa ya Bi. Skolastika Haule, Afisa Itifaki. Cheo chake ndicho pekee ambacho hakikubadilishwa jina, kwa sababu bila yeye hakuna ambaye angejua mabadiliko yaanze na nani na yamalizie na nani. Alikuwa akipanga viti vya mkutano kwenye meza, kwa kutumia vifuniko vya soda.

"Dada Skola, naomba kitu kidogo. Nifungulie ule utepe nimwagilie, halafu tuufunge."

Bi. Skolastika alikiacha kifuniko alichokuwa nacho. "Utepe haufunguliwi, Dokta. Utepe hukatwa. Na anayekata ni mgeni rasmi."

"Basi nitapita chini yake. Nitatambaa."

"Kutambaa chini ya utepe wa Mheshimiwa?" Alimtazama kwa huruma ya kweli. "Una watoto, Dokta?"

"Sina."

"Basi usiwaharibie hao watakaokuja. Kuwa na subira. Mheshimiwa anakuja Alhamisi."

Alhamisi Mboni aliamka mapema akavaa vizuri, chuo kizima kikapangwa kando ya barabara na vibendera, na Mheshimiwa hakuja. Alikuwa anazindua Kampeni ya Taifa ya Kuwahi, na alichelewa kufika huko, kwa hiyo ratiba yote ikasogea. Ikasemwa Jumatatu. Jumatatu alikuwa kwenye semina. Ikasemwa Ijumaa, na Ijumaa hakuna aliyesema chochote, watu walipanga tu foleni ya vibendera mpaka jua likawachosha wakatawanyika.

Mama yake alimpigia simu jioni hiyo hiyo. "Mwanangu, mvua imetukimbia tena huku. Maua yote chini. Hayo ya kwako vipi?"

"Yapo, mama."

"Yameshika punje?"

Mboni alikuwa amesimama nje ya nailoni, kipaji cha uso kikigusa utepe. Ua la kwanza lilikuwa limeanguka juu ya udongo mkavu. "Bado, mama," alisema. "Kuna sherehe kidogo hapa chuoni, ikiisha nitakwambia."

*

Alimwendea Profesa Rwegasha. Viti vyote vya ofisi ya Profesa vilikuwa vimetolewa, na yeye mwenyewe ameketi juu ya mpira mkubwa wa rangi ya chungwa, kashika ukingo wa meza kwa mikono miwili ili usimkimbie. Mboni alipewa mpira wa kijani. Aliukataa, akabaki amesimama.

Ni lazima tuseme kwamba Profesa hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyemfundisha Mboni kazi ile, miaka ile akiwa bado mtu wa shambani, wakati alipokuwa na udongo kwenye kucha na hakuna aliyemwogopa. Ndiye aliyemshika mkono na kumwonyesha namna ya kulifungua ua la harage kwa ncha ya sindano bila kuliumiza. Alisikiliza hadithi yote ya utepe bila kumkatiza, na mwishoni aliuliza kwa sauti ya chini, sauti yake ya zamani, "Yameanza kupukutisha?"

"Tangu Ijumaa, Profesa."

"Majani ya chini yanajikunja?"

"Ya chini yameshakauka."

Profesa alifumba macho. Kwa kitambo kidogo Mboni aliamini kwamba yule mwalimu wake ataushika mkasi mwenyewe. Ndipo simu ya mezani ikalia, nambari ya wizara, na Profesa akanyooka ghafla juu ya mpira mpaka ukateleza. Alizungumza na wizara akiwa amepiga magoti sakafuni. "Ndiyo, Mheshimiwa. Kasi ni nzuri sana, Mheshimiwa. Tumeipita hata ile tuliyoipanga." Alipokata simu hakumtazama Mboni usoni. "Lipeleke Jukwaa la Mawazo," alisema. "Ndilo lenye mamlaka siku hizi. Mimi nakaimu tu."

*

Jukwaa la Mawazo ndilo lililorithi seneti. Wajumbe walikuwa walewale wa seneti, ila walikaa mduara na kila mmoja aliitwa kwa jina lake la utotoni ili kuondoa urasmi. Sheria kuu ya Jukwaa ilikuwa moja: neno "hapana" lilipigwa marufuku, kwa kuwa mtaalamu mwelekezi aligundua kwamba hilo ndilo linaloua ubunifu. Wazo lolote likitolewa, wote wapige makofi kwanza, halafu kila mjumbe aliongezee kitu.

Mboni alisimama katikati ya mduara. "Waheshimiwa, naomba ruhusa ya kuingia kwenye kitalu kumwagilia maharage."

Makofi yalivuma.

"Wazo zuri mno!" alisema mzee mmoja wa sheria aliyekuwa akiitwa Kadudu. "Mimi naongezea: tusimwagilie maharage peke yake. Tumwagilie fikra."

"Safi sana! Na tuwashirikishe wadau wa maji."

"Na liwe endelevu."

"Na kuwe na dawati la jinsia."

"Ninaomba jibu tu," alisema Mboni. Mguu ulikuwa unatikisika na sketi yote inatikisika nao. "Ndiyo au hapana."

Ukumbi uliingia baridi. Mwenyekiti alimsamehe mbele ya wote kwa kutamka neno lile, akisema ni mazoea ya muundo wa zamani. Kisha akatangaza kwamba wazo la Dokta Shekidele limepita bila kupingwa, kama mawazo yote, na sasa litapelekwa kwenye Kamati ya Kuatamia Mawazo. Kamati hiyo ilikuwa haijazinduliwa. Mboni alivishwa shada la Wazo Bora la Wiki, akapigwa picha, akatoka nje na maua ya karatasi shingoni. Kukataliwa angeweza kukatia rufaa, lakini amekubaliwa na kila mtu, sasa angekwenda kwa nani?

Alilia kidogo nyuma ya jengo la utawala, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Halafu akalivua lile shada na kwenda stoo kuazima mpira wa kumwagilia bustani.

Alirusha maji kutoka mbali, juu kwa juu, akitarajia yatapenya mahali. Yaligonga paa yakateleza yakamwagika nje. Nailoni ile alikuwa ameifunga yeye mwenyewe kwa mikono yake, mshono kwa mshono, ili mvua isiingie ikavuruga vipimo, na aliifunga vizuri. Siku mbili baadaye ikaja mvua kubwa isiyo ya msimu. Ilinyesha juu ya ukumbi, juu ya maegesho, juu ya mizinga yote ya chuo, ikajaza mitaro, ikaozesha vibendera. Mahali pakavu palikuwa pale kwenye maharage tu.

*

Kesho yake alikuja na mkasi.

Mzee Hemedi alimwona kwa mbali, akauona na mkasi, wala hakunyanyuka kwenye kigogo chake. Alimngoja afike.

"Shikamoo."

"Marahaba. Leo huna ndoo."

"Leo sina. Pisha, mzee wangu. Nakata, naingia, na watakalonifanya na wanifanye."

"Wewe watakuandikia barua ya onyo," alisema Mzee Hemedi taratibu. "Barua ni barua. Mimi hapa ni kibarua, Dokta. Mwenzangu aliyekuwa zamu ya usiku, upepo uliulegeza utepe upande ule wa nyuma. Upepo tu. Hajarudi tena kazini, na nyumbani kwake ana wajukuu anawalea." Aliuangalia mkasi. "Sikuzuii. Nguvu ya kukuzuia sina, na roho ya kukuzuia sina pia, maana nayaona yanavyokufa, nakaa nayo mimi mchana kutwa. Nakwambia tu ujue unachokata."

Mboni alisimama pale muda mrefu. Mkasi ulikuwa wazi, utepe umeshaingia katikati ya meno yake. Ndani ya nailoni mistari ilikuwa imegeuka rangi ya tumbaku. Aliona kazi ya maisha yake, na aliona magoti ya yule mzee, yaliyotokeza kwenye suruali iliyochakaa. Hakuna mtu aliyewahi kumchukia mtu kama yeye alivyomchukia siku hiyo Waziri ambaye hajapata kumwona.

Akaufunga mkasi akautia kwenye mkoba. "Nisamehe, mzee," alisema.

"Haya, mwanangu. Na mimi unisamehe."

Siku zilizofuata hakurudi pale. Aliwafundisha wanafunzi wake somo la udongo, na ilipofika sehemu ya maji aliwapa mapumziko.

*

Mheshimiwa Waziri wa Ubunifu na Mambo Mapya alikuja siku ambayo hakuna aliyemtarajia, kwa kuwa shughuli nyingine ya kuzindua ilikuwa imeahirishwa na msafara ulikuwa tayari barabarani. Vibendera vililetwa vikiwa vimeoza. Bi. Skolastika alikimbia na viatu mkononi. Zilisomwa risala, ikatambulishwa meza kuu, wakatambulishwa waliowatambulisha. Profesa Rwegasha alitangaza kwamba tangu muundo mpya uanze hakuna wazo hata moja lililokataliwa katika chuo kile, na Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa furaha. Kisha akapewa mkasi wa dhahabu juu ya mto wa hariri. Ulikuwa butu. Aliutafuna utepe nao, akautafuna tena, mwishowe mlinzi wake akaushika pande mbili na kuuchana kwa mikono, na kila mtu akapiga makofi.

Mlango ukafunguliwa. Harufu ya vumbi la moto ikawapiga usoni.

Kila kitu kilikuwa kimekufa. Mistari yote ilikuwa imekauka kwenye vyungu vyake, majani yakiwa yamesagika chini. Kikapita kimya kirefu ambacho hakikuwa kwenye ratiba.

"Hiki ni nini?" aliuliza Mheshimiwa.

Profesa alilamba midomo. Alikuwa mtu wa mazao, alijua alichokuwa anakitazama kuliko wote mle ndani isipokuwa mmoja. "Mheshimiwa," alisema, "hii ni mimea isiyotumia maji."

"Haitumii kabisa?"

"Hata tone, Mheshimiwa. Tangu muundo mpya uanze."

"Ajabu!" alisema Mheshimiwa, na wapiga picha wakasogea.

Mboni alikuwa ameingia nyuma ya watu, hakusikia neno hata moja. Alikuwa akitembea kati ya mistari kama mtu anayetafuta jamaa yake mahali palipotokea ajali. Alikwenda mpaka mwisho kabisa, kwenye pembe, na hapo akasimama. Mmea mmoja, mfupi, wenye sura mbaya, ulikuwa umekauka kama mingine. Ila huu ulikuwa umekauka baada ya kumaliza kazi yake. Ulikuwa na maganda. Aliligusa moja, likatoa sauti kavu ya punje zilizojaa.

Hapo ndipo Mboni alipofanya kosa la maisha yake. Alifurahi kwa sauti.

"Limeshika!" alipiga kelele. "Profesa! Limeshika punje! Bila maji, Profesa, limeshika!"

Watu wote waligeuka. Profesa Rwegasha alisahau msafara, akaja mbio na raba zake, akainama, akalishika ganda kwa vidole viwili. "Mungu wangu," alisema. "Mboni, umelipata." Kwa kitambo kidogo walikuwa wawili tu, mwalimu na mwanafunzi wake, wameinamia chungu.

"Hongereni sana," ilisema sauti ya Mheshimiwa juu ya vichwa vyao. "Linalika?"

Bi. Skolastika alikuwa tayari ameshafika na bakuli. Katika itifaki ya nchi ile, kikizinduliwa chombo mgeni rasmi hukipanda, ikizinduliwa nguo huivaa, na kikizinduliwa chakula hukionja. Hakukuwa na kifungu kingine.

"Hiyo ni mbegu," alisema Mboni. "Mheshimiwa, nakuomba. Hakuna nyingine duniani. Msimu mmoja tu nipande, nitakupa gunia."

Mheshimiwa alicheka kwa upole. "Dokta, mimi nimekuja leo."

Profesa alifungua kinywa. Mboni alimwona akikifungua, na akamwona akikifunga. Kisha Profesa akasema, akiitazama raba yake, "Itakuwa heshima kubwa, Mheshimiwa, mtafiti mwenyewe akikupukuchulia."

Basi alipukuchua. Bi. Skolastika alilishika bakuli chini kabisa ya viganja vya Mboni, macho hayabanduki. Punje zilikuwa nyekundu zenye michirizi, ndogo, nzuri. Zilidondoka bakulini moja moja. Na Mboni, kama afanyavyo mwanamke yeyote anayepukuchua huku anaongea na watu, akarusha punje mdomoni. Akarusha na nyingine. Mheshimiwa akacheka akasema mpishi naye anadokoa, na wote wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Mboni hakutafuna.

Maharage yakatiwa kwenye sufuria juu ya jiko la gesi lililokuwa limeletwa kwa ajili ya chai. Maharage makavu yanataka muda, na Mheshimiwa hakuwa nao. Yalichemshwa vya kutosha kuyaua, si vya kutosha kuliwa. Mheshimiwa alichota kijiko, akang'ata, jino likalia kwa sauti iliyosikika mpaka kwa waandishi wa habari. Aliitema punje kwenye leso kwa heshima zote.

"Maharage imara," alisema, akishika shavu. "Kwa taifa imara."

Makofi yalirindima. Maji ya sufuria na kilichomo vikamwagwa mtaroni ili chai iendelee. Mzee Hemedi, aliyesimama mlangoni bila utepe wa kulinda, alivua kofia yake.

"Na sasa," alitangaza Bi. Skolastika, "neno la shukrani kutoka kwa mtafiti."

Kipaza sauti kikawekwa mbele ya Mboni. Alikishika. Punje zilikuwa chini ya ulimi, zimeanza kulowa, na mate yamejaa. Aliwatazama wote: Waziri na shavu lake, Jukwaa la Mawazo lililojipanga kwa majina ya utotoni, mwalimu wake. Alikuwa na mengi sana ya kuwaambia, aliyoyapanga neno kwa neno siku zote zile. Yalimfika kooni yakakuta njia imezibwa. Machozi yakamtoka, mdomo ukabaki umefungwa. Hata ule mguu wake ulikuwa umetulia, kwa mara ya kwanza tangu muundo mpya uanze.

"Ameshindwa kusema kwa furaha," Profesa alimnong'oneza Mheshimiwa, na sauti yake mwenyewe ilikuwa imepasuka. Profesa alikuwa amezihesabu punje zilipopukuchuliwa. Aliyaona mashavu ya Mboni, akajua, na hilo ndilo jambo moja jema alilolifanya mwaka ule: alinyamaza.

Mheshimiwa aliguswa sana. Alisema hajawahi kusikia hotuba yenye nidhamu kiasi kile, akaagiza Dokta Shekidele apandishwe cheo papo hapo. Alipandishwa kuwa Kaimu Malkia wa Mzinga. Aliinamisha kichwa, akatoka, akapita maegesho, akapita geti, na hakufungua mdomo mpaka alipofika barabarani.

*

Kwa mama yake alifika na basi la asubuhi, punje zikiwa zimefungwa kwenye pindo la leso. Walichagua mahali nyuma ya jiko, pasipoonekana na wapita njia. Mama Mboni alilima kitalu kidogo cha ukubwa wa mkeka, akazitazama punje kwenye kiganja cha mwanawe, akamtazama mwanawe.

"Ndio haya tu? Miaka yote hiyo?"

"Ndio haya, mama."

Mama alizifukia moja moja kwa kidole, akasawazisha udongo kwa kiganja kama anayemfunika mtoto, akaunyunyizia maji kidogo. Kisha akaona kuku wawili wanasogea. Akachana upande wa kanga yake kuukuu, nyekundu, akachomeka vijiti vinne kwenye pembe, akaanza kuifunga ile kanga kutoka kijiti hiki kwenda kile ili kuku wasiingie.

"Mama!" Mboni aliruka akamshika mkono. "Usifunge! Chochote kile, mama, lakini usizungushe kitu."

Mama alishtuka. "Haya, haya, sifungi," alisema, akiikunja ile kanga polepole. "Sasa kuku je?"

"Nitakaa mwenyewe," alisema Mboni, akaketi chini pembeni ya udongo uliolowa, akanyoosha miguu.